Kigogo, Kinara na Kiongozi: Mafunzo ya Uongozi katika Maisha ya Kila Siku Magogoni, Kisauni

Utangulizi

Neno "uongozi" linapotajwa mbele ya wanafunzi wa chuo kikuu, aghalabu mawazo yao hukimbilia kura, mabango na hotuba za jukwaani. Msimu wa uchaguzi wa chama cha wanafunzi ukiwadia, watu hujitokeza kuwania nyadhifa. Msimu ukipita, waliokosa hurudi darasani wakiamini kwamba nafasi yao ya kujifunza uongozi imekwisha hadi mwaka mwingine. Makala haya yanapinga imani hiyo. Yanadhamiria kuonyesha kwamba uongozi ni somo linalofundishwa mtaani kila siku, kwamba Kiswahili kimehifadhi mafunzo ya somo hilo katika msamiati wake, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kulizingatia, kwa kuwa maneno hayo ndiyo taaluma yake.

Uwanja wa mjadala huu ni Magogoni, mojawapo ya wadi saba za eneo bunge la Kisauni, katika bara ya kaskazini ya Mombasa. Mwanafunzi atakayerejelewa hapa ni kielelezo tu, si mtu mmoja mahususi. Ni kijana aishiye Magogoni na wazazi wake, asomaye Kiswahili chuoni, avukaye Daraja la Nyali asubuhi kuelekea kisiwani na kurejea jioni. Hana cheo chochote. Swali ni hili: je, kijana huyu anajifunza nini kuhusu uongozi kabla hajapigiwa kura hata moja?

Jina la mahali na uzito wa gogo

Kwa muundo, jina "Magogoni" limeundwa kwa nomino "magogo" na kiambishi tamati cha mahali "-ni". Ni mahali penye magogo. Jina hili halipatikani Kisauni pekee. Dar es Salaam pia pana Magogoni, penye kivuko cha kwenda Kigamboni na penye Ikulu. Kwa miaka mingi Watanzania walilitumia jina hilo kumaanisha kiti chenyewe cha urais, na mazoea hayo yalikuwa yameshaota mizizi kabla ya Ikulu ya Chamwino, Dodoma, kuzinduliwa mwaka 2023. Hivyo, jina moja limebeba picha mbili. Huko ni jina la mamlaka ya juu kabisa. Huku Kisauni ni jina la mtaa wa watu wa kawaida, wachuuzi, mafundi, walimu, mabaharia na waendeshaji bodaboda.

Kutokana na neno "gogo" limepatikana pia neno "kigogo". Kwa maana yake ya kwanza, kigogo ni gogo dogo; kwa maana yake ya pili, ni mtu mwenye madaraka makubwa. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba kiambishi kinachodunisha ndicho kilichotumiwa kumtajia mtu mkubwa. Wanafunzi wa Kenya wanalifahamu neno hili vyema kupitia tamthilia ya Pauline Kea, Kigogo (2015), ambayo ilitahiniwa katika shule za upili. Humo, Majoka anaitawala Sagamoyo na kulifunga soko la Chapakazi ambalo ndilo riziki ya wananchi. Wanaosimama dhidi yake ni vijana, Tunu na Sudi, ambao hawana ofisi wala walinzi.

Gogo lina matumizi mawili. Likilazwa juu ya kijito, huwa daraja, na watu wote huvukia juu yake. Likianguka njiani, huwa kizuizi, na kila apitaye hulazimika kulizunguka. Mti ni uleule na uzito ni uleule. Tofauti ni mahali lilipolala na linamfaa nani. Huo ndio mtihani wa kwanza wa mwenye madaraka, na sehemu zinazofuata zitaurejelea.

Maneno ya uongozi na mizizi yake

Kiswahili kina maneno mengi ya dhana hii, na si visawe kamili. Kitenzi "kutawala" kimetokana na Kiarabu, na kina mzizi mmoja na neno "liwali". Mombasa ilikuwa na liwali, mwakilishi wa Sultani wa Zanzibar, na ukanda wa pwani ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani hadi ulipounganishwa na Kenya huru mwaka 1963. Kutawala, basi, ni kushika hatamu. Kitenzi hiki hakisemi lolote kuhusu mwelekeo wa safari. Mtu anaweza kuutawala mji vizuri na anaweza kuutawala vibaya, na katika hali zote mbili ataitwa mtawala.

Kitenzi "kuongoza" ni cha asili ya Kibantu, na kina ndugu zake wanaofichua siri yake: "ongoa", yaani kuweka sawa au kuonyesha njia iliyo njema, "ongoka", yaani kuwa katika njia hiyo, "mwongofu", "uongofu" na "mwongozo". Kwa asili yake, basi, kuongoza kunahusu njia kabla ya kuhusu kiti. Anayeongoza ni yule anayeijua ndia, kama wasemavyo Wamvita, na anayeitembea pamoja na wenziwe.

Aidha, nomino "kiongozi" inastahili kutazamwa kimofolojia. Tofauti na "mtawala", ambayo imo katika ngeli ya watu kwa umbo na kwa maana, "kiongozi" ina umbo la KI-VI, umbo ambalo limebeba majina mengi ya vifaa: kisu, kijiko, kitabu, chombo. Upatanisho wake ni wa viumbe hai, hivyo husemwa "kiongozi amefika", si "kiongozi kimefika". Ni kweli kwamba umbo la ngeli si hoja ya kutosha kuhusu maana. Kinyozi na kipofu pia wana umbo hilo. Hata hivyo, umbo hilo linatoa ukumbusho ulio rahisi kukaririka. Kiongozi ni mtu anayekubali kutumika.

Neno la tatu ni "kinara". Vyombo vya habari vya Kenya hulitumia sana kwa maana ya mkuu wa chama au wa muungano wa kisiasa. Maana yake ya awali ni kile kisimamishio cha kutilia mshumaa au taa. Kinara hakiwaki. Kazi yake ni kuinua mwanga ili uwafikie waliokaa pembeni. Kinara kikijiona kuwa ndicho taa, chumba kizima hubaki gizani.

La nne ni "nahodha", neno lililotoka Uajemi kwa njia ya bahari, lenye maana ya bwana wa chombo. Leo nahodha ni wa jahazi na pia ni wa timu ya kandanda. Katika uchumi wa majahazi, nahodha alitofautishwa na tajiri, yaani mwenye chombo. Tajiri aliweza kubaki nchi kavu akingoja faida. Nahodha alikuwa ndani. Tufani ilipovuma, ilimlowesha yeye kama ilivyomlowesha baharia wa mwisho.

Foleni ya mitungi

Kutoka katika kamusi, na turudi mtaani. Uhaba wa maji ni jambo la kawaida katika mitaa mingi ya Mombasa. Mifereji ikikauka, watu hununua maji kwa mtungi, na pale yanapopatikana hujipanga. Mara nyingi si watu wanaojipanga bali mitungi yao: mtungi huwekwa katika nafasi, mwenyewe akaenda kuendelea na shughuli nyingine. Foleni ya namna hii haiwezi kudumu bila mtu wa kuilinda. Aghalabu huwa ni mama mmoja ambaye hakuteuliwa na yeyote. Anajua mtungi upi ni wa nani, nani alitangulia, na ni nyumba gani ina mgonjwa au maiti, hivyo haina budi kupishwa.

Mwanafunzi aliyetumwa maji anapata hapo mhadhara mzima. Kwanza, anaona kwamba mamlaka ya mama huyu yanatokana na jambo moja tu: mtungi wake mwenyewe umo katika nafasi yake. Siku atakapousogeza mbele ya wengine, neno lake litakwisha nguvu siku hiyohiyo, na hakuna katiba itakayomrudishia. Pili, anaona kwamba haki ya mama huyu si ya kupanga mstari tu. Inajumuisha kujua lini mstari uvunjwe kwa ajili ya mwenye dhiki, na kuwaeleza waliobaki sababu ya kuuvunja ili wakubali. Tatu, anasikia lawama. Anayekosa maji humlaumu mama aliyepanga foleni, ingawa si yeye aliyeyakata maji. Wahenga walisema mkubwa ni jaa. Methali hii huwashangaza wageni wa lugha, kwa kuwa inamfananisha mkubwa na mahali pa kutupia taka. Maana yake ni kwamba ukubwa ni kustahimili kutupiwa ya watu bila ya kuwarushia nyuma.

Methali hii inafaa kuwekwa kando ya nyingine isemayo asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Moja inatazama uongozi kwa jicho la anayeongozwa, inamwambia atii. Nyingine inamwambia mkubwa avumilie. Mara nyingi mikutanoni hutajwa ile ya kwanza peke yake, na wanaoitaja ni wakuu. Mtafiti mwangalifu atakumbuka kwamba mapokeo yamezihifadhi zote mbili, na kwamba kuchagua moja na kuificha nyingine ni kuipunja fasihi simulizi.

Daftari la mchango

Tukio la pili ni la msiba. Mtu akifariki mtaani, shughuli huanza kabla hujapambazuka: wapo wa kwenda kutafuta sanda, wapo wa kuchimba kaburi, wapo wa kupanga viti na kuteka maji, wapo wa kupika. Na yupo wa kuandika mchango. Kazi hii huangukia mara nyingi kwa kijana aliyesoma, kwa sababu tu anaaminika kuwa na mwandiko mzuri. Mwanafunzi hukabidhiwa daftari la shilingi chache na kalamu, na kwa muda wa siku tatu nne huwa mtunza hazina wa watu ambao wengi wao ni wakubwa kwake.

Hicho ndicho cheo chake cha kwanza, na ni kizito kuliko anavyodhani. Kila jina lina namna yake ya kuandikwa kwa heshima: Bi fulani, Mzee fulani, Ustadhi fulani, Mama fulani. Kila kiasi, hata kama ni shilingi 50, kina mwenyewe aliyejinyima ili akitoe. Mwishoni hesabu husomwa mbele za watu: kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki na aliyekabidhiwa. Yamkini kijana akaruka jina la mtu. Mwenye jina atanyamaza kwa adabu, lakini wenziwe watamsemea. Hapo kijana hujifunza sentensi ngumu kuliko zote katika lugha ya uongozi: "Nimekosea, niwieni radhi, narekebisha sasa hivi." Si "kumekuwa na kosa", muundo ambao haumtaji mkosaji. Ni "nimekosea", kiambishi nafsi kikiwa mahali pake.

Wanaisimu wanafahamu kwamba muundo wa kutendwa na ule usiotaja mtenda una kazi yake halali. Hata hivyo, katika ripoti za viongozi hutumiwa mno kuficha: "fedha zilitumika", "uamuzi ulifikiwa", "mkutano uliahirishwa". Nani alizitumia? Nani aliamua? Daftari la msiba halikubali miundo hiyo. Kila senti ina jina upande wa kuingia na jina upande wa kutoka.

Fundisho hili la mtaani limo pia katika sheria kuu ya nchi. Katiba ya Kenya, iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, ina Sura ya Sita inayohusu uongozi na maadili. Kifungu cha 73 kinayachukulia mamlaka ya afisa wa serikali kuwa ni amana ya umma, na kinamkabidhi wajibu wa kuwahudumia wananchi badala ya nguvu za kuwatawala. Tofauti iliyojadiliwa hapo awali baina ya kuongoza na kutawala imeandikwa humo kama sheria. Na neno "amana" si geni Magogoni. Ndilo neno la mtu anayemwachia jirani ufunguo wa nyumba, au msafiri anayeweka akiba yake kwa mwenye duka. Amana hurudishwa kama ilivyopokewa.

Chombo kimejaa

Si mafunzo yote ya uongozi yanayopatikana kwa kutenda. Mengine hupatikana kwa kukataa. Kila jioni, katika vituo vya matatu, watu hugombania nafasi. Utingo huita hata baada ya viti kujaa, na abiria, kwa kuchelea kuchelewa, hukubali kubanana. Kusema "gari limejaa" ni sentensi fupi, lakini ina gharama. Utingo hupoteza nauli, abiria hupoteza wakati, na msemaji huonekana mtu wa maringo.

Gharama ya kutoisema sentensi hiyo Mombasa inaijua. Upande wa pili wa kisiwa, kusini, ndiko Likoni na Mtongwe. Tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kilizama karibu na ufuko kikiwa kimebeba abiria kupita uwezo wake, na watu 272 walipoteza maisha. Wengi walikuwa wakielekea kazini asubuhi. Dhima ya ajali kama hiyo ina ngazi zake, na mwenye mamlaka makubwa ndiye mwenye dhima kubwa. Lakini mkasa huo unamwachia kila mtu wa Mombasa swali lake: nikiwa langoni na chombo kimejaa, nitasema?

Hapa methali isemayo manahodha wengi chombo huenda mrama inahitaji kusomwa kwa makini. Mara kwa mara hutumiwa kuwanyamazisha wanaohoji. Lakini methali inazungumzia wingi wa manahodha, yaani wingi wa watu wanaoshika usukani kwa wakati mmoja. Haisemi lolote dhidi ya baharia anayepiga ukelele kwamba maji yanaingia. Baharia huyo hajajifanya nahodha. Ametekeleza sehemu yake ya uongozi, na nahodha mwenye busara atamshukuru.

Uongozi usiokuwa na cheo

Historia ya pwani ya Kenya inatoa mifano ya watu walioongoza bila kukalia kiti. Mekatilili wa Menza aliishi miongoni mwa Wagiriama, ambao mabaraza yao ya utawala yalikuwa ya wazee wanaume. Hata hivyo, mwaka 1913 alizunguka vijijini akiwahimiza watu wapinge kodi ya Waingereza na kuchukuliwa kwa vijana wao kwenda kufanya kazi za kigeni. Ngoma ya kifudu ilikuwa mojawapo ya njia zake za kuwakusanya watu. Alikamatwa na kupelekwa Kisii, magharibi mwa nchi, naye mwaka 1914 alitoroka na kurudi kwao. Hakuwa na cheo cha kupokonywa. Alichokuwa nacho ni neno ambalo watu waliliamini.

Mfano wa pili ni wa kijana wa Mombasa. Abdilatif Abdalla alizaliwa mwaka 1946. Mwaka 1968, akiwa na umri unaokaribiana na wa wanafunzi wa vyuo vikuu wa leo, aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? Kichwa chenyewe ni swali, tena ni swali la njia. Anayeuliza "twendapi" anawauliza wanaoshika usukani. Kwa swali hilo alifungwa miaka mitatu, kuanzia mwaka 1969. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki, ambayo sasa ni miongoni mwa nguzo za ushairi wa Kiswahili. Msomaji wa diwani hiyo hushughulika, kwa haki, na bahari na lahaja yake ya Kimvita. Ni vyema akumbuke pia kwamba kilichoizaa ni kijana aliyeona kuwa kuuliza ni wajibu wake.

Haidhamiriwi hapa kwamba kila mwanafunzi atafute kifungo. Linalosisitizwa ni kuwa katika mifano yote miwili uongozi ulitangulia cheo, na chombo chake kilikuwa lugha: wito wa kifudu na swali la waraka.

Anayeongoza kuelekea shimoni

Mjadala huu ungekuwa na kasoro iwapo ungechukulia kwamba kila anayefuatwa ni mwema. Katika miaka ya 2010 na baadaye, Kisauni ilitajwa mara kwa mara katika habari kwa sababu ya makundi ya vijana, baadhi wakiwa na umri wa kwenda shule, waliovamia watu kwa mapanga na visu. Makundi hayo yalikuwa na wakubwa wao. Wakubwa hao walijua kuita, kupanga, kugawa kazi na kutoza utiifu. Kwa kipimo cha kutawala, walifaulu.

Kipimo cha kuongoza ndicho kinachowaumbua. Waliwapeleka wapi wale waliowafuata? Wengine makaburini, wengine gerezani, na mama zao wakabaki na aibu wasiyoistahili. Kiswahili kina neno la kitendo hicho: kupotosha, yaani kumtoa mtu katika njia. Ni kinyume halisi cha kuongoa.

Hata hivyo, kuwalaani wapotoshaji hakutoshi. Mvulana wa miaka 15 hamfuati mtu kwa sababu ya panga tu. Humfuata kwa sababu huyo amelijua jina lake, amempa kazi na amemwambia kwamba yu muhimu. Mtaa ambao mwanafunzi wake wa chuo anapita akiwa amevaa visikizi masikioni, asiyemjua mvulana wa nyumba ya tatu, umeacha nafasi wazi, na nafasi ya uongozi haikai tupu. Anayemfundisha mvulana huyo insha jioni mbili kwa juma, anayemkabidhi ufunguo wa chumba cha jezi za timu, anayemtuma kupiga hodi kwa wazee na kuleta majibu, anampa jina na kazi kabla wengine hawajampa. Hapo ndipo suala la uongozi wa kila siku linapoacha kuwa mada ya insha na kuwa suala la uhai.

Funzo kwa vyama vya wanafunzi

Vyama vya Kiswahili vyuoni ni kama madarasa ya mazoezi. Humo kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wahariri. Kuna ada za wanachama, safari za makongamano na majarida. Mafunzo yaliyojadiliwa yanaweza kutekelezwa humo bila kungoja marekebisho ya katiba ya chama.

Kwanza, kutoka katika foleni ya mitungi: nafasi za safari ya kongamano zikiwa chache, viongozi wasiwe wa kwanza kujiandika. Pili, kutoka katika daftari la mchango: mapato na matumizi yasomwe mbele ya wanachama kila muhula, kwa majina na kwa sentensi zinazomtaja mtenda. Tatu, kutoka langoni mwa kivuko: mwanachama anayesema kwamba mradi fulani umezidi uwezo wa chama asiitwe adui wa maendeleo. Nne, kutoka kwa mvulana wa nyumba ya tatu: mwanachama mpya wa mwaka wa kwanza ajulikane kwa jina na apewe kazi, hata iwe ndogo, katika mwezi wake wa kwanza.

Vilevile, wanaokosa kura wasirudi nyuma. Chama chenye mwenyekiti mmoja na wanachama mia moja wanaongoja kuambiwa kina kiongozi mmoja. Chama ambamo mmoja anafungua ukumbi, mwingine anasahihisha makala ya mwenziwe na mwingine anamtembelea mgonjwa hosteli, kina viongozi wengi, wala chombo chake hakiendi mrama, kwa kuwa usukani bado umeshikwa na mmoja.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba msamiati wa Kiswahili unatenganisha kushika hatamu na kuonyesha njia, na kwamba tofauti hiyo huonekana wazi zaidi katika shughuli ndogondogo za mtaa kuliko jukwaani. Mama wa foleni, mwandishi wa daftari la msiba, utingo anayekataa abiria wa ziada na kijana anayemfundisha mtoto wa jirani insha wote ni walimu wa somo hilo, ingawa hakuna aliyewaajiri.

Mwanafunzi wa Magogoni huvuka daraja kila siku akienda kusomea maana ya maneno. Jioni huyavukisha maneno hayo kuyarudisha mtaani, na hapo ndipo anapopimwa iwapo ameyaelewa. Atakapofika nyumbani atakuta mitungi imepangwa. Aweke wake nyuma ya wa mwisho, awaamkie waliopo, aulize ni nyumba gani ina mgonjwa.